Njia Inayoishia Katikati ya Majani

Kasezi, tarehe 12 Januari 1992

Baba Mdogo Modeste,

Nakusalimu wewe na dada yangu Viviane. Sisi tuko wazima. Mama mgongo unamsumbua, lakini bado anaenda shamba kabla jua halijawa kali, na ukimkataza anakutazama kama umemtukana. Mtoto wa binti yangu Abigaël ameota meno mawili. Tangu kampuni ya kuchimba bati ilipofunga na watu kutawanyika, barabara yetu imebaki ya mbuzi, ndiyo maana barua hii inashuka kwa mkono hadi Uvira, inavuka kwenda Bujumbura, na huko jamaa za yule Shafii wako wa duka wataitafutia abiria wa ndege.

Sasa shida yangu. Shule ninayoiongoza imeanguka. Ukuta wa darasa la tatu ulilala chini mwezi uliopita, siku ya mvua, saa ya mapumziko, Mungu ashukuriwe. Watoto mia tatu na kumi na wawili wanasoma chini ya maturubai ya kuanikia mihogo. Parokia moja ya huko Ubelgiji imekubali kutupa saruji na mabati, ila kwanza wanataka ramani ya ardhi tutakapojenga, ramani ya kweli yenye mistari ya milima. Ya kampuni iliondoka na kampuni.

Tumechagua uwanda wa Kanyegele, nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi. Unaukumbuka: majani matupu, sawa kama meza. Hakuna anayelima pale, kwa hiyo hakuna atakayegombana na shule. Fundi Kazadi, mwashi wetu, ameupenda sana.

Wewe ulibeba mnyororo wa wapima ardhi mwaka 1953. Umetusimulia mpaka tukachoka. Basi ramani uliyoitembelea kwa miguu yako iko huko Bruseli ndani ya kabati. Itafute, ututumie nakala. Tunataka kuchimba msingi mwezi wa sita, kiangazi kikianza.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko umewahi kukutana na mtu aliyetoka Kolwezi. Tangu baba apande lori kwenda huko ni miaka thelathini na saba, na yeye bado anauliza wasafiri.

Binti yako,
Wabiwa


Saint-Josse, Bruseli, le 23 février 1992

Mama yangu mdogo Wabiwa,

Ninakuita mama juu unabeba jina la mama yangu, na pia juu unanipiga amri kama yeye. Salamu nyingi, za mkono na za shavu; huku wanagusa shavu moja tu, wana haraka. Miye niko muzima. Magoti yanalalamika, moyo unaruka mara moja moja kama mutoto anacheza kamba. Dokta amenipa vidonge vya rangi tatu, ninameza vya kijani juu ndivyo vizuri kwa macho. Viviane analisha wazee wa Wazungu kule Ganshoren, akirudi nyumbani anataka kunilisha na miye. Nimemwambia: bon, binti, kazi imekwisha, vua hiyo sura ya hospitali.

Shafii, yule Murundi wa duka hapa chini, muntu wa sala tano kamili, ndiye alinipa barua yako. Akasema, "Papa Modeste, hii barua inanuka moshi wa kwetu." Nikamjibu, "Na wewe unanusa barua za familia ya wenyewe kwa ruhusa ya nani?"

Alors, ramani. Nimeenda kwenye nyumba ya ramani, upande wa Flagey. Mama, hawa watu! Kila kijiji chetu kimelala ndani ya droo kama shati la arusi. Wanakufungulia na glavu. Mwanamke wa pale akaniuliza nina diploma gani. Nikamwambia ninayo, lakini iko kwenye miguu. Hakucheka. Huku hata kicheko unakiombea rendez-vous, siku na saa.

Lakini ile ya Kasezi sikuiona. Labda panya, labda Waflama, wale Wabelgiji wa kaskazini. Donc usiingoje.

Na kusema ukweli, Kanyegele kwa nini? Upepo wa pale utavua mabati kabla ya Noeli. Nyoka wako. Maji yako mbali. Jengeni kule kwenye mteremko, karibu na chemchemi ya Namukala. Mteremko ni muzuri: mutoto anapanda asubuhi, akitoka shule na njaa anashuka mbio mpaka kwa chungu cha mama yake. Kazadi atalalamika juu ya kukata udongo. Mwache. Fundi asiyelalamika ujue hajui kazi.

Mwambie shemeji sijakutana na muntu wa Kolwezi. Mwambie hivyo tu, usiongeze.

Baba yako mdogo, mwenye sura nzuri kuliko wote waliobaki,
Modeste


Kasezi, tarehe 5 Aprili 1992

Baba Mdogo,

Salamu. Maharage yamekubali mwaka huu. Mtoto wa Abigaël anasimama akishika ukuta. Mama yuko vile vile.

Kwa nini umenidanganya?

Parokia ilipochoka kungoja ilimtuma mtu wao kwenye nyumba ile ile ya ramani. Karatasi ya Kasezi aliipata asubuhi moja. Ameniandikia kwamba mwanamke wa pale alishangaa, akasema karatasi hii ina bahati: kuna mzee mmoja Mkongomani, mwenye kofia ya kahawia, anakuja kila Jumanne kuiomba. Anaitazama kwa kioo cha kukuza mpaka wanapofunga, anasema asante, anaondoka. Siku moja alimuuliza kama anatafuta hazina. Mzee akajibu kwamba anatafuta miwani yake.

Kofia ni yako, Baba Mdogo. Na jibu ni lako.

Nakala iko hapa mezani kwangu. Nimeisoma vizuri. Kanyegele kuna alama za majani peke yake. Hakuna shimo, hakuna bwawa, na mistari ya mwinuko imeachana mbali, yaani ni tambarare. Parokia wameridhika. Kazadi amekwisha kuvuta kamba za vipimo. Wazazi wameanza kubeba mawe, kila nyumba mawe ishirini. Jiwe la msingi litawekwa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, na watoto wote watasimama pale uwandani kuimba.

Namukala tungelazimika kukata mlima. Saruji ingetosha madarasa manne tu badala ya sita. Nitawaambia nini wa madarasa mawili?

Kama una sababu, niambie. Kama ni masihara yako, sina nafasi ya kucheka.

Wabiwa


Saint-Josse, le 17 mai 1992

Mama yangu mdogo,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa huyo mutoto anayeshika ukuta. Mwambie akishaachia asirudi nyuma. Hapa kumeanza joto, Wazungu wamevua nguo kana kwamba kuna muntu aliwaomba.

Voilà, umenikamata. Polisi ya huku yenyewe haijaniweza, ila wewe na mwanamke wa glavu mmeniweza.

Sikiliza basi. Mupima wetu wa mwaka ule wa mnyororo, cinquante-trois, tulimwita Bwana Mguu, juu mguu wake wa kushoto ulivimba kama mtungi. Hakuweza kutembea uwanda. Alikaa juu ya mulima Ngoma na darubini yake, miye na mwenzangu Kyalangalilwa akatutuma na mnyororo na ile miti ya rangi nyekundu na nyeupe. "Kanyegele, pimeni yote, hesabuni, mukuje kuniambia." Tukaingia katika majani marefu, tukakaa, tukavuta tumbaku. Jua lilipogeuka tukarudi, nikamsomea hesabu kutoka kichwani. Aliandika yote. Mukono muzuri alikuwa nao.

Ile tambarare unayosoma mezani kwako, Wabiwa, miye niliitunga nikiwa nimelala chali.

Na sikufanya juu ya uvivu. Kanyegele chini kuna mashimo. Kampuni ilitaka bati, lakini katika udongo ule dhahabu ilikuwa pia, na muntu mweusi akishikwa na dhahabu hata ya ukubwa wa chawa, ni fimbo na gereza. Donc watu wetu walichimba siku ya Jumapili, Wazungu wakiwa misa, kisha wakicheza karata. Njia sita za chini kwa chini, kama fuko. Midomo ya mashimo tuliifunika na majani pamoja na udongo wake, ungepita juu usijue. Bwana Mguu angetembea pale angetumbukia.

Basi. Ramani inasema hakuna kitu juu miye nilisema hakuna kitu. Musijenge pale. Kazadi akate mulima wa Namukala, atapata mukono mugumu, mke wake atafurahi.

Zaidi ya hapo usiniulize.

Modeste


Kasezi, tarehe 28 Juni 1992

Baba Mdogo,

Nimewasomea wazazi barua yako kwenye mkutano. Walicheka. Mmoja akasimama akasema, "Huyu si ndiye alituambia askofu anakuja amepanda tembo, tukafagia barabara siku tatu?" Kazadi alipiga nondo ardhini mahali pane, mita mbili mbili, kote pagumu. Akasema, "Mama Directrice, mzee anatafuta kukumbukwa." Kwa hiyo wameanza kuchimba. Mtaro wa upande wa kusini umefika magotini.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa mzee Kyalangalilwa, kwa kuwa ulimtaja. Nilimpelekea kasiksi, akanywa, akamsifu marehemu bibi. Niliposema Kanyegele aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akachukua fimbo yake. "Muulize Modeste," akasema, akaingia ndani. Baba Mdogo, tangu nimjue mzee yule hajawahi kuacha pombe ya ndizi nusu kikombe.

Mama alisikia habari za mkutano. Siku ya tatu akanitolea kitambaa alichokishona pande zote, akakifumua kwa wembe mbele yangu. Ndani kulikuwa na zile barua mbili za baba kutoka Kolwezi. Sikuwahi kuziona kwa macho, maana mama husema barua iliyokwisha kusomwa haichezewi. Akaniambia, "Nisomee tena. Nataka kusikia kama alisema kitu cha Kanyegele."

Nilimsomea. Halafu nikaingia chumbani, nikaziweka karibu na ya kwako.

Mimi nimesahihisha madaftari ya watoto miaka ishirini na mmoja. Mwandiko wa mtu naujua kama mwendo wake. Mama sijamwambia kitu. Anasema sura yangu imekuwa ya majivu, nimemwambia ni malaria.

Sitaki salamu. Sitaki hadithi ya tembo. Wazazi wanataka sababu, na tarehe 15 Agosti haitasogea. Niambie nani yuko Kanyegele.

Wabiwa


Saint-Josse, le 19 juillet 1992

Wabiwa,

Baba yako.

Kaka yangu Mubalama hakupanda lori lolote. Tarehe 14 Novemba 1954, Jumapili, alikuwa ndani ya shimo la kwanza, lile kubwa, akijaza kikapu. Miye nilikuwa mdomoni nikivuta kamba. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na nilimwambia tuache, akasema mtoto wake hana nguo ya Noeli. Mtoto ni wewe. Sikuambii ili ulie, ninakuambia juu ndivyo alivyosema.

Haikupiga kelele. Ardhi ilishusha pumzi tu, kama ng'ombe anayelala. Kamba ikawa nzito mukononi, kisha ikawa nyepesi, nikavuta, ikatoka ncha peke yake.

Tulichimba na mikono, wanaume kumi na mmoja. Kampuni ilikuwa na mbao, na taa, na watu waliofundishwa kuokoa. Kambi ilikuwa karibu, tungepiga kelele wangesikia. Lakini wangekuja wangeona mashimo, na wote kumi na mmoja gereza, na miye wa kwanza, juu ni miye nilimwambia muzungu hakuna kitu. Kyalangalilwa akasema, "Tuite." Mwingine akasema, "Tusiite." Halafu wote wakaniangalia miye, juu alikuwa kaka yangu.

Nikasema, "Fukieni."

Labda alikuwa amekwisha kufa. Nimejiambia hivyo miaka thelathini na saba. Labda hakuwa.

Lori la Kolwezi ni miye nililitunga. Yule mwanamke wa Katanga, eti kaka alimuoa huko, watu walimuongeza wenyewe, sikumkatalia. Barua zile mbili niliziandika nyuma ya jiko la kantini, nikazikunja, nikazichafua na mavumbi ya njia, nikaja kumsomea shemeji jioni mbele ya mulango wake. Alikuwa akitabasamu fasi nilipotaka atabasamu.

Sasa sikiliza kazi. Chukua ile nakala. Ulitazama majani, hukutazama njia. Kutoka fasi ya pampu ya kampuni kunatoka vidoti vidogo, ndiyo alama ya njia ya miguu. Vinaingia Kanyegele, vinaishia katikati ya majani, havifiki popote. Miye sikumpa Bwana Mguu njia ile. Aliiona mwenyewe na darubini kutoka mulimani, akanyamaza, akaichora. Watu hawakanyagi ardhi mpaka iwe njia kwa kwenda fasi hakuna kitu. Miaka yote nilifikiri nimemshinda mzee yule, mpaka siku mwanamke wa glavu aliponifungulia droo. Pale vidoti vinapokwisha ndipo mdomo wa shimo. Ndicho ninachokwenda kutazama kila Jumanne. Kaburi lingine sina.

Kwenye karatasi ni milimita kumi na nne. Chini ni mita mia saba. Anzeni kwenye ile saruji ya pampu, elekeeni kichwa cha mulima Ngoma. Kazadi apige nondo pale, asipige anapopenda yeye. Lakini afungwe kamba kiunoni kwanza, na kamba ishikwe na watu wanne. Watoto wote watoke uwandani siku ile ile unaposoma hii.

Shafii anaruka Alhamisi. Ameapa ataiweka mukononi mwa ndugu yake, na ndugu yake ataiweka mukononi mwako, hata kama ni kwa miguu.

Modeste


Kasezi, tarehe 30 Agosti 1992

Baba Mdogo,

Ndugu yake Shafii alifika tarehe 11, amevimba miguu. Pikipiki ilimfia njiani, akatembea siku mbili. Tulikuwa tumebakiza siku nne.

Nilipima mwenyewe na wanafunzi wakubwa wa kike wanne, kwa kamba ya mita ishirini, mara thelathini na tano. Wanafunzi nikawarudisha kambini. Kazadi alicheka walipokuwa wakimfunga kiunoni. Pigo la kwanza pagumu, la pili pagumu. La tatu nondo ikaingia mpaka kwenye ngumi zake, kisha ikamponyoka, ikaenda. Tuliisikia ikigonga chini baadaye. Hakucheka tena. Alikaa pale akishika majani kwa mikono miwili mpaka tulipomvuta. Kutoka hapo hadi pembe ya mtaro wetu wa kusini ni hatua arobaini na mbili. Tarehe 15 watoto wangesimama katikati.

Jiwe limewekwa Namukala. Madarasa manne.

Mama nilimsomea barua yako yote, sikuruka mstari. Aliniomba nirudie mahali pa kamba. Nikarudia. Akaomba wembe, akanyoa nywele. Tangu tarehe 13 amekaa kwenye mkeka nje, kilio cha mume wake. Padri alikuja akaomba ukingoni mwa Kanyegele, ukoo wote ulikuja. Siku za kuanua matanga zimefika, zimepita, yeye hainuki. Jana akasema niandike, na mimi naandika alivyosema:

"Mwambie Modeste, mara mbili amenisomea barua mlangoni kwangu, na mara mbili nilimchinjia kuku, akala, akanawa mikono. Asiniandikie ya tatu. Aje aseme kwa mdomo wake nikimtazama. Mkeka siukunji."

Nilimweleza habari za moyo wako na dokta. Akajibu, "Na mimi mgongo wangu niliuomba ruhusa?"

Maneno yangu mwenyewe sijui bado ni yapi. Watoto wako hai. Hilo naliandika.

Wabiwa


Saint-Josse, le 20 septembre 1992

Wabiwa,

Dokta amesema hapana. Viviane alificha paspoti yangu chini ya mashuka, kisha akairudisha mwenyewe, akakaa jikoni analia.

Warda, dada yake Shafii, anatangulia kesho na barua hii. Miye ninaruka Alhamisi mpaka Bujumbura. Kutoka Uvira nitapanda kitakachopatikana, na barabara inapokwisha nitatembea polepole. Waambie watu wasije kunipokea njiani.

Mwambie shemeji asinipikie.

Modeste